Nilivyopeleka cherehani ya shangazi kupimwa

Najua nimepotea. Wapo walioniuliza kafeteria kama nimefukuzwa chuo, na wapo waliosema nimepata mchumba mwenye gari. Hakuna kati ya hayo. Wiki tatu hizi kuna jambo lilikuwa linanikaa kooni, na mimi nikishindwa kuandika jambo moja basi na mengine yote yanagoma kutoka. Leo ni Jumamosi, saa nne usiku, wenzangu wameenda kuangalia mpira, chumba kimetulia. Ngoja niseme.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye simu. Kuna kipindi cha BBC kinaitwa Antiques Roadshow, kilianza kurushwa mwaka 1979 na bado kipo. Mwenzangu wa chumbani ndiye aliyenionyesha vipande vyake YouTube. Watu wa kawaida kabisa, Waingereza na makoti yao ya mvua, wanapanga foleni mbele ya jumba fulani la kale. Kila mtu kabeba kitu kutoka nyumbani: birika, kiti, picha, pete ya bibi. Wataalamu wanakipindua kile kitu, wanachungulia chini yake, wanamwambia mwenye nacho kilitengenezwa wapi na lini. Mwisho wanataja bei, na hapo kamera inamfuata mwenye mali usoni. Mtu kanunua kitu mnadani kwa bei ya chai na chapati, anaambiwa ni cha maelfu ya pauni. Anashika mdomo. Anacheka. Mwingine analia.

Sasa wewe ukiwa unadaiwa ada laki mbili na nusu, na boom lilishakata roho tangu tarehe kumi na mbili, ukiangalia kipindi kile huoni historia. Unaona njia ya kutokea.

Basi nikaanza kushuka Kariakoo kila Jumapili. Daladala mpaka Ubungo, halafu mwendokasi mpaka Gerezani, mfukoni nina nauli ya kurudi na kiasi cha kuchezea. Kwenye maduka makubwa hakunihusu. Kuna wazee wanatandika viroba pembeni ya barabara, wanauza vitu ambavyo hujui vilikuwa vya nani: funguo zisizo na kufuli, kufuli zisizo na funguo, miwani ya mtu aliyekwishafariki, redio iliyochomolewa matumbo. Wapitaji wanaviruka. Mimi nilikuwa nachuchumaa pale kama daktari.

Kwa Jumapili tatu nilinunua vitu vitatu. Cha kwanza ni pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo cha chuma kwenye kifungio, elfu kumi na mbili. Cha pili ni saa ya mfukoni isiyotembea, elfu tano. Cha tatu ni sarafu moja ya njano iliyofifia, kubwa kuliko ya mia mbili yetu. Upande mmoja ina taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na chini yake T. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. Mzee aliniuzia elfu tatu.

"Hiyo ni rupia ya Mjerumani, dogo," akaniambia huku anainamisha sauti kama anauza bangi. "Ukipata mtu wake, umetoka."

Jumla elfu ishirini. Wekundu wawili wa Msimbazi wameondoka, na mimi narudi bwenini najiona tajiri.

Nani kati yetu hajakua na hadithi za rupia? Kila mkoa una mlima, mbuyu au boma ambalo watu wanachimba usiku kutafuta mali za Mjerumani. Kila mtaa una mjomba wa mtu aliyekaribia kuuza rupia kwa milioni mia, dili likaharibika dakika ya mwisho. Halafu kuna ile nyingine ya cherehani: kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani, na zebaki hiyo inanunuliwa kwa bei ambayo kalkuleta haitoshi. Mimi nasoma shahada, wadau. Sikuiamini. Ila pia sikuwahi kuikataa. Kati ya kuamini na kukataa kuna nafasi, na tapeli anapitia pale pale.

Jumapili ya tatu, narudi kituoni, nikaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Imechapwa vizuri kabisa. Wataalamu wa vitu vya kale watapima mali za wananchi, Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Leta rupia, cherehani, pasi, taa za chemli, saa. Malipo papo hapo. Chini namba ya simu na maelekezo ya nyumba ya wageni, mitaa ya ndani huko.

Nikasimama kuisoma mara mbili. Nikajisemea: si kile kipindi cha BBC hiki hiki, ila cha Kariakoo?

Hapa sasa ndipo anapoingia shangazi yangu. Wanaonifahamu wanajua ndiye aliyenilea tangu nipo darasa la tatu. Ni fundi cherehani. Anakaa na mashine yake kwenye baraza ya nyumba moja nyuma ya Mtaa wa Congo, anashona sare za shule, anakunja suruali, anapunguza magauni ya mitumba. Cherehani yake ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika pale mkono unapopita. Aliinunua mwaka 1988 kwa fundi mmoja wa Mtaa wa Uhuru aliyekuwa anaacha kazi, na hata wakati huo ilikuwa ya mkono wa pili. Ada yangu ya sekondari imepita chini ya sindano ile. Na kodi ya baraza ilikuwa imepanda, shangazi alikuwa anadaiwa miezi miwili.

Nikamwendea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza habari ya karatasi. Aliguna. Nikamwonyesha kwenye simu Waingereza wanavyolia machozi ya furaha. Akatazama, akasema, "Hawa wanapeleka vitu wasivyovitumia." Nikasema shangazi, hatuuzi, tunakwenda kupima tu, kujua ina thamani gani. Nikaongea kisomi. Nikatumia neno "uchumi". Mwisho akasema, "Haya baba, wewe ndiye uliyesoma."

Nimeandika sentensi hiyo na nimekaa dakika kumi naitazama. Tuendelee.

Jumamosi tukafungua kichwa cha cherehani, meza tukaiacha, tukakifunga kwenye khanga kama mtoto mgonjwa, tukapanda bajaji. Uani pale tukakuta watu kama arobaini. Wadau, nilitamani mngeiona ile foleni. Kulikuwa na mzee amekumbatia redio ya mbao. Dada mmoja ana pasi kama yangu, jogoo yule yule. Kijana mmoja ana sarafu amezizungushia pamba kama mayai. Nyuma yetu mama mmoja mtu mzima na taa ya chemli, kaisugua mpaka inang'aa, na kichwa cha cherehani kwenye beseni. Watu wanaulizana vitu vyao vilikotoka. "Hii ya marehemu baba, alikuwa anafanya kazi bandarini." "Hii tumeikuta kwenye nyumba tulipohamia." Nakwambieni ukweli, sehemu hiyo ilikuwa nzuri. Mtu akiulizwa kuhusu taa yake anasimama wima.

Kuandikishwa, elfu tano kwa kila kitu. Tulikuwa na vinne. Nikatoa elfu ishirini ya mwisho ya chakula.

Ndani kuna meza, kompyuta mpakato, mizani ndogo ya sonara, na jamaa wawili. Mmoja kavaa glavu nyeupe. Akaichukua sarafu yangu, akaitazama kwa lenzi, akamwangalia mwenzake, wakanong'ona. Pasi akaisukuma pembeni. Saa hata hakuifungua. Sarafu akaishika tena.

"Hii unayo moja tu?"

"Moja tu, kaka."

"Hii ni kitu. Lakini lazima isajiliwe kwanza kwa wanunuzi wa nje. Usajili elfu hamsini, tunakupigia ndani ya siku tatu."

Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikampigia rafiki yangu mmoja, simtaji hapa maana deni bado halijaisha, akanitumia hamsini kwenye simu. Nikalipa. Nikapewa karatasi ya daftari yenye muhuri. Sarafu akanirudishia, akasema nisiisugue wala nisimwonyeshe mtu.

Ikaja zamu ya Singer. Mwenye glavu akatoa simu yake, akampigia mwenzake aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, wakaanza kuongea, kisha akaisogeza simu karibu na sindano. Simu ikakatika.

"Mmeona?" akasema. "Mtandao umekatika. Zebaki ipo."

Wadau, mtandao ule ulikuwa unakatika tangu tuko foleni. Lakini mimi nilihisi miguu inaishiwa nguvu. Nikaiona ada imelipwa, baraza imelipwa, shangazi kajengewa nyumba Chanika. Jamaa akasema mashine ibaki pale mpaka Jumatatu, kuna dawa ya kuitoa zebaki, na wao watatuandikia risiti. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Sawa." Nilisema sawa. Mbele ya shangazi yangu.

Shangazi hakuwa amesema neno tangu tuingie. Akauliza taratibu, "Samahani baba, hiyo zebaki inakaa sehemu gani?"

"Ndani ya chuma kinachoshika sindano, mama. Imefungiwa humo kiwandani."

"Chuma hiki hapa?"

"Hicho hicho."

"Hiki nimekibadilisha mwaka juzi. Cha zamani kilipinda, nikakitupa. Hiki nilinunua kipya, kimetoka China, pale mtaa wa pili."

Kimya. Jamaa akasema labda imehamia sehemu nyingine ya mashine. Shangazi akasema, "Mimi mashine hii naifungua kila mwezi naipaka mafuta. Hakuna skrubu nisiyoijua. Kama kuna kitu kimehama humo ndani, ningekutana nacho njiani." Akaanza kuifunga khanga yake. Kidole kwa kidole, bila haraka. Wale wakaanza kuita mtu anayefuata.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana sababu ya kuandika ni hii. Si habari ya kupigwa. Kupigwa, nani hajapigwa Kariakoo?

Tulipotoka, yule mama wa taa ya chemli na cherehani kwenye beseni akanishika mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, vipi, wanalipa kweli?"

Nilikuwa najua. Wakati ule nilikuwa najua kabisa. Lakini watu arobaini walikuwa wananitazama, na mimi ndiye msomi mwenye karatasi yenye muhuri mkononi, na kusema "ni matapeli" maana yake ni kusema "na mimi nimetapeliwa". Nikamjibu, "Wanaendelea kupima, mama." Nikapita.

Shangazi alikuwa mbele na mzigo, hakusikia. Au alisikia. Sijamuuliza.

Jumatatu namba ya simu haipatikani. Jumanne nikaenda. Chumba kimefungwa kwa kufuli, mhudumu wa nyumba anasema walilipia siku nne tu na hawajui. Mlangoni wamekaa watu sita au saba, kila mmoja na karatasi yake ya daftari. Yule mama alikuwepo. Alikuwa na beseni, tupu. Hakunilaumu, hakunikumbuka hata. Akanisogezea nafasi nikae.

Sikukaa. Nikatembea, kutoka Kariakoo mpaka Mnazi Mmoja, nikapita Posta, miguu inakwenda yenyewe, nikajikuta Mtaa wa Shaaban Robert mbele ya Makumbusho. Nilikuwa na kitambulisho cha chuo na sarafu mfukoni. Nikaingia. Nikapita magari waliyotumia viongozi wa nchi, nikamuuliza mlinzi kama kuna mtu anaweza kunitazamia sarafu. Akanielekeza kwa mama mmoja afisa, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Umeipata wapi?"

Angalieni hilo swali. Wale wa glavu waliniuliza ninazo ngapi. Huyu kaniuliza nimeipata wapi. Nikamwambia kwenye kiroba, Gerezani. Akauliza, na muuzaji aliipata wapi? Sikuwa nimemuuliza. Akatikisa kichwa kidogo, kama mwalimu anayekuta ukurasa umechanwa. Kisha akaipima kwa rula, akaisogezea sumaku, haikunata, akaniambia yote bila kufungua kitabu.

Hiyo, alisema, si rupia. Ni heller ishirini. D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, na T ni Tabora. Tangu 1904 rupia moja ya Mjerumani ilikuwa na heller mia, kwa hiyo hii ni moja ya tano ya rupia. Kabla ya hapo zilikuwa pesa, sitini na nne kwa rupia. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza 1914, meli za Waingereza zikaziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazifiki, na serikali inahitaji kulipa askari na kununua chakula. Basi wakaanza kutengeneza pesa zao humu humu ndani, Tabora, kwenye karakana ya reli. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 tu, mitambo bado mipya. Wakagonga sarafu kwa shaba waliyoweza kuipata. Ndiyo maana yako ina sura mbaya, alisema, angalia taji lilivyokaa upande. Ni pesa ya watu wenye haraka. Septemba 1916 Wabelgiji wakaiingia Tabora, kazi ikaishia hapo.

Nikamuuliza, kwa hiyo hadithi za rupia ni uongo mtupu? Akacheka. Akasema uongo mzuri huwa na mguu mmoja kwenye ukweli. Mwaka ule ule, Tabora ile ile, waligonga pia sarafu ya dhahabu ya rupia kumi na tano, yenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu, na hizo kweli wakusanyaji duniani wanazilipia fedha nyingi. Tembo yule mmoja ndiye aliyezaa hadithi zote za mibuyu. Lakini sarafu za shaba kama yangu ziligongwa kwa mamia ya maelfu.

"Ila wewe kijana," akasema, "jina la hiyo sarafu unalitamka kila siku."

Nikamtazama.

"Heller. Hela."

Wadau! Mwaka wa tatu huu nalia "sina hela" na sijui ninalilia kitu gani. Mjerumani kaondoka zaidi ya miaka mia iliyopita, florini ikaja 1920, shilingi ya Afrika Mashariki ikaja 1921, shilingi yetu wenyewe ikaja 1966, na sisi bado tunaita hela. Na heller lenyewe, akaniambia, limetokana na mji mmoja wa Ujerumani ambako sarafu hiyo ilianzia zamani za kale. Mji unaitwa Hall. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Hela asili yake ni Hall, na kwenye Hall yetu sisi haijawahi kuonekana.

Mwisho nikamuuliza lile nililoendea. Bei gani?

Akavaa miwani yake vizuri. "Hilo sitakwambia." Akaeleza kwamba makumbusho yanafuata maadili ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM. Mtu akileta kitu wanaweza kumwambia ni nini, lakini bei ya soko hawamtajii mtu binafsi, isipokuwa makumbusho nyingine au mamlaka za serikali zikiomba rasmi. Na akaniongezea la sheria: kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 huwezi kukiuza wala kukipeleka nje ya nchi bila kibali. Kwa hiyo mtu anayekwambia ana "wanunuzi wa nje" na yuko tayari leo leo, muulize kibali chake kwanza.

Nikamwonyesha karatasi yangu yenye muhuri. Aliisoma, akanirudishia. Hakusema kitu. Nilishukuru kwa hilo.

Usiku bwenini nikatafuta mwenyewe. Heller ishirini ya Tabora katika hali kama ya kwangu inauzwa mtandaoni kwa dola chache. Na ile zebaki nyekundu nikaisoma pia. Mwaka 2009 uvumi huu huu ulizuka Saudi Arabia: Singer za kale, zebaki nyekundu, simu inasogezwa kwenye sindano. Watu wakanunua mashine mbovu kwa maelfu ya riyali, mpaka polisi wakaanza kuchunguza chanzo chake. Mchezo umezunguka dunia na kufika uani Kariakoo bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Na mimi ninayejua kutafuta vitu kwenye intaneti nilitafuta baada ya kulipa.

Nikarudi pia kukitazama kile kipindi cha BBC, safari hii bila sauti. Nikaona kitu ambacho mwanzoni sikukiona. Yule mtaalamu akishataja bei, kile kitu kinarudi kwenye mfuko wa mwenyewe. Hanunui. Hatozi. Hana shida na jibu. Kwetu aliyetaja bei ndiye aliyetaka mali, na ndiye aliyetoza. Ningetazama mikono yao badala ya nyuso za wanaolia, ningeelewa mapema.

Shangazi nilimweleza yote Jumapili iliyofuata, pamoja na ile hamsini aliyonitumia rafiki. Alikuwa anatia mafuta mashine. Nikamsomea namba iliyogongwa kwenye kichwa, nilikuwa nimeitafuta: imetoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, miaka ya 1950, kiwanda chenyewe kilifungwa 1980. Singer walitengeneza mamilioni, wazungu wengi wanaziweka madirishani kama pambo. Kama mali ya kale, haina bei ya maana. Shangazi akasema, "Kiwanda kimekufa, yenyewe inashona." Akapiga kanyagio mara mbili kusikiliza mlio wake.

Halafu akaniuliza, "Na yule mama wa beseni?"

Kumbe alisikia.

Sikuwa na la kusema. Akaacha kanyagio. Akasema nimtafute, kwa wale walioshinda mlangoni hawakosi kujuana. Nilimtafuta siku mbili, nikampata kupitia dada wa pasi. Anakaa Buguruni, anashona mashuka na foronya. Alikuwa anashona. Nikamwomba radhi. Nilimwambia nilijua na sikusema. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Hata ungeniambia, labda nisingekuamini. Lakini ungeniambia." Sina cha kuongeza hapo.

Sasa hivi Jumatatu na Alhamisi anakuja barazani kwa shangazi jioni, shangazi akimaliza sare zake anamwachia mashine mpaka usiku. Tumeandikisha kesi polisi watu tisa kwa pamoja. Pasi ya jogoo niliiuza kwa bei niliyonunulia, nikampa yeye hiyo elfu kumi na mbili. Ada yangu nimeruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Rafiki yangu wa hamsini nimeshampa ishirini, na anasoma hapa, kwa hiyo kaka tulia, inakuja.

Heller ishirini ninayo. Ipo kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki, shangazi anaitumia kukandamiza kitambaa kisiteleze anapopima. Akiona mteja anaanza kulalamika hana hela, anaisukuma mbele yake: "Hii hapa. Sasa nipe shilingi."

Nisiwachoshe. Mkiiona ile karatasi kwenye nguzo, mtaa wowote, ibandueni. Na mkitoka kwenye foleni, mtu akawauliza, jibuni. Jumatatu nina mtihani na sijafungua daftari. Usiku mwema, wapendwa.